Naomba

Siku ya kwanza nilisema, "Nipe mkate,"
na Mangi akauweka mkate juu ya kaunta
taratibu, kama mtu anayeambiwa aweke silaha chini.
Nyuma yangu mtoto mwenye sare ya shule:
"Shikamoo. Naomba kiberiti."
Akapewa kiberiti, na pipi juu yake.

Nilikuwa nimetoka Kisii na mkataba wa miezi tisa,
maabara ya hospitali, darubini mpya, malaria ileile.
Namanga walinigongea muhuri saa saba mchana
na ng'ambo ya pili shilingi yangu ikazaa ishirini.
Wiki nzima nilikuwa tajiri.
Wiki ya pili nikaulizia bei ya gesi.

Chumba nilipata Rau, uani kwa Mama Aikande,
ukuta mmoja na banda la ng'ombe
aliyekohoa usiku kama mlinzi.

"Stima imepotea," nilimgongea, saa tatu.
Akatoka na tochi. "Nini kimepotea?"
"Stima."
Tukasimama gizani, wanawake wawili wa lugha moja,
yeye akimulika chini, kwenye majani,
kana kwamba nimeangusha hereni.
Kisha akacheka mpaka akashika mgomba.
"Luku imekuishia. Nunua umeme, mwanangu."
Tarakimu ishirini. Nilikosea mara mbili,
na mita ikanilia kwa dharau.

Nyumbani wakipiga simu wanauliza mlima tu.
Umeuona? Bado. Umeuona? Wingu.
Wiki tatu nikitazama kaskazini
kama anayesubiri basi lililokwisha pita.
Halafu asubuhi moja, naanika soksi,
nikainua uso kufuata pegi iliyoniponyoka mawazoni,
nikaukuta huko juu kabisa, mweupe, umekaa.
Siku zote nilikuwa nautafuta chini mno.

Homa ilinishika mwezi wa nne.
(Damu yangu niliipima mwenyewe. Wenzangu walinicheka.)
Mama Aikande akaingia na bakuli.
Ndizi nazijua, nimezaliwa katikati yake,
lakini kwetu ndizi hufika mezani ikiwa bado ndizi.
Hii ilikuwa imepondwa ikasahau jina.
"Kunywa mtori, nyama ziko chini,"
nami nikadhani ananifariji,
kwamba siku njema zinakuja, na kadhalika.
Kijiko kikagonga mfupa.
"Nilikwambia," akasema.

Baada ya hapo sijui vizuri.
Siwezi kusema ni lini Hatibu wa bodaboda
aliacha kuniuliza naelekea wapi,
wala ni lini nilianza kumwambia mtu
niliyemkuta akifua, "Pole na kazi,"
na kumaanisha.
Ninachojua ni daftari la Mangi, lile la mkopo.
Nililiona siku alipokwenda stoo kuleta unga:
juu, *Mkenya wa maabara*, sukari, sabuni,
mstari umepigwa juu yake,
na chini, kwa kalamu nyingine,
*Kemunto*, mayai sita.

Jumapili nilizungumza na mama.
Katikati ya Kigusii chetu neno likaponyoka:
"Naomba uniwekee wimbi, nikirudi."
Kimya. Nikasikia jogoo wake.
"Naomba? Unaniomba mimi?
Kemunto, wamekufanya nini huko? Huna pesa?"
Nikasema ninazo.
Nikasema ni namna ya kusema.
Hakuamini. Jioni alinitumia mia tano.

Zimebaki siku ishirini na sita.
Sanduku liko juu ya kabati, nimelipanguza vumbi,
nimelirudisha.
Maji yalikatika jana, tena leo,
nami nikashuka hadi kwa Mangi na kandambili zangu.
"Naomba ndoo," nikasema,
"ile ya lita ishirini. Yenye mfuniko."
Akaniangalia. Tarehe anaijua, mtaa mzima unaijua.
Akachukua upondo,
akaunyoosha hadi darini zinakoning'inia.
"Nyekundu," akasema, "au ya bluu?"